Amba: Kitenzi Kilichotoweka Masikioni Kikabaki Midomoni

Asubuhi mtaani Makorora, Tanga, kijana aliyepanda baiskeli anapunguza mwendo mbele ya kijiwe cha kahawa na kumtupia mwenzake neno moja: "Niambie!" Mwenzake anajibu, "Safi tu," na baiskeli inaendelea na safari yake. Nyumba chache mbele, bibi anayeuza vitumbua barazani anamlalamikia jirani juu ya mjukuu wake: "Mtoto huyu haambiliki, shoga yangu." Redio ya dukani nayo inasoma habari za kiongozi "ambaye" atazuru mkoa, na inasema "kwamba" wananchi wanaombwa wajitokeze.

Kitenzi kimoja kimepita hapo mara nne, kila mara na vazi jingine, na hakuna aliyekigeukia. Ukiwauliza watu hao maana ya kuamba, wengi watafikiri kidogo kisha watakutajia ngoma, maana kuwamba wanakujua. Kuamba kwenyewe, peke yake, bila kiambishi cha kukishika mkono, hawakusikii tena. Kamusi za Kiswahili zinakiweka, lakini mtu hukikuta humo kama anavyokikuta chombo cha marehemu babu ndani ya sanduku: anajua kilitumika, hajui kilishikwaje.

Maana yake ya kwanza ni kusema. Hiyo tu. Aambaye ni asemaye, na alichokiamba ni alichokisema. Kitenzi hiki kilipopewa kiambishi cha kutendea, kikawa ambia: kusema kwa kumwelekea mtu. Hapo ndipo Kiswahili cha leo kinapoonyesha jambo la ajabu ambalo wasemaji wake wamelizoea mno kuliona. Kusema kunakwenda na sema, lakini mara tu anapotokea wa kusema naye, sema inakaa pembeni na kitenzi kingine kabisa kinaingia: "alisema," lakini "aliniambia." Mtu hasemi "alinisemea" akiwa na maana hiyo, kwa kuwa kunisemea ni kuzungumza kwa niaba yangu, au kwenda kunishtaki kwa baba. Kwa hiyo kitenzi sema kinaishi na mwana wa kambo. Mzazi wa ambia ameondoka, mwana amebaki nyumbani kwa watu wengine na anafanya kazi kuliko wote.

Mgeni anayejifunza Kiswahili huanguka hapohapo. Hutaka kueleza kuwa rafiki yake alimpa habari, akasema, "Alinisema," na wenyeji wakashtuka, wakauliza walikosana nini. Kunisema ni kunitia midomoni, kunichambua nikiwa sipo, au kunikaripia nikiwepo. Herufi moja ya kutendea ndiyo inayotenganisha kuzungumza na mtu na kumzungumza mtu. Na kitenzi amba kilikuwa na tabia hiyohiyo tangu zamani: kamusi zinakipa, pamoja na kusema, maana ya kusengenya. Kumwambia mtu ni kumpa neno. Kumwamba ni kumtoa neno. Aambiwaye yuko mbele yako, aambwaye yuko nyuma ya mlango.

Hili halikutokea kwa bahati. Linatokana na jinsi lugha hii inavyowaza juu ya kinywa: ukimfanya mtu kuwa kitu cha usemi wako, moja kwa moja, bila kiambishi cha kumwelekea, umekwisha kumdhuru. Fasihi yote ya mafumbo ya pwani, kutoka maandishi ya kanga hadi vijembe vya taarabu, imesimama juu ya ufa huo mwembamba uliopo kati ya kuambia na kuamba. Mji wa Tanga, uliowahi kuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, unaujua ufa huo vizuri.

Ili kuuona mwili mzima wa kitenzi hiki, inabidi kutoka kwenye Kiswahili kidogo na kuwapigia hodi jamaa zake. Makorora ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu mtu hahitaji kusafiri. Katika mitaa ya Tanga wanakaa pamoja Wadigo, Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wasegeju na wengine wengi waliofuata reli, mkonge na bandari. Mdigo akisimulia kisa kwa lugha yake, "achiamba" inapita kila baada ya sentensi mbili tatu, na maana yake ni "akasema." Akitaka "akamwambia," anatumia ambira. Msambaa naye ana gamba, kwa maana hiyohiyo ya kusema.

Herufi g iliyoko mwanzoni mwa neno la Kisambaa ndiyo ufunguo. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hulirejesha shina hili kwenye umbo la zamani sana, gamba, lenye maana ya kusema. Waganda wanalo mpaka leo: kugamba kwao ni kusema na kuambia. Kiswahili, katika safari yake ya pwani, kiliidondosha g hiyo, kama kilivyoidondosha kwenye kitenzi cha kwenda: Mganda husema genda, Mswahili husema enda. Ni mlango uleule na kizingiti kilekile, ila mmoja ameingia na kofia na mwingine ameivua.

Nchini Rwanda na Burundi shina hilo limetoa maneno ya giza zaidi. Kugambana huko ni kula njama, na kugambanira ni kusaliti. Tena kusema kumegeuka kumsema mtu, na kumsema mtu kumegeuka kumchimba. Umbali wa kutoka Kigali hadi Tanga ni mkubwa, lakini kivuli cha neno kimeanguka upande mmoja.

Kuna jamaa mwingine, na huyu amejificha mahali pa wazi kuliko wote. Kwa Kinyarwanda, neno, lile litokalo kinywani, ni ijambo, na wingi wake ni amagambo. Kwa Kiganda ni kigambo. Msomaji wa Kiswahili anayeliangalia ijambo kwa mara ya kwanza lazima moyo umdunde, kwa sababu ni jambo letu hili hili, wingi wake mambo. Kabla ya kuwa tukio, shauri au shida, jambo lilikuwa neno, kitu kilichoambwa. Mkondo huo wa maana si mgeni: hata neno lenyewe linakwenda hivyo tunapouliza "Kuna neno?" tukitaka kujua kama kuna tatizo, au tunapojibu "Hapana neno." Waebrania nao, katika lugha yao ya kale, walikuwa na dabari kwa neno na kwa jambo pamoja.

Basi kijana wa baiskeli wa Makorora angeanza kwa "Mambo!" badala ya "Niambie!", bado angekuwa anaamba. Mzee anayemuuliza mwenzake "Hujambo?" naye vilevile. Salamu za Waswahili, za zamani na za vijiweni, zimejengwa kwa tofali moja.

Ni vizuri pia kuwataja wanaofanana na amba bila kuwa ndugu zake, kwa sababu pwani hii ina mtego. Mwambao unatoka kwenye kuambaa, yaani kupita kando kando ya kitu bila kukigusa, kama jahazi linaloambaa ufuo. Ambata na ambatana ni habari za kushikamana. Ambua ni kubandua, kama mtu anayeambua ganda. Wamba ni kuvuta ngozi juu ya ngoma au kamba kwenye kitanda, na ndiyo iliyozaa methali ya mwamba ngoma anayevuta ngozi kwake. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa mwambao ni "mahali pa kusemea" anawapoteza, ingawa hadithi yake ingependeza.

Turudi kwa kwamba. Neno hili ni kuamba, jina-kitenzi, limekazwa kwa kusemwa haraka. "Alisema kwamba atakuja" ilikuwa, katika mifupa yake, "alisema kuamba atakuja": kusema mara mbili, cha kwanza kikiwa tendo na cha pili kikiwa mlango wa kuingizia yaliyosemwa. Kadiri miaka ilivyopita, kitenzi cha pili kilipoteza uzito wa kusema kikabaki mlango mtupu. Leo tunaweza kuandika "anajua kwamba," "anaogopa kwamba," "ni kweli kwamba," mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyefungua kinywa.

Wazulu wamepita njia hiyohiyo kwa kitenzi kingine. Kwao ukuthi ni kusema, na ndiyo "kwamba" yao. Washona wa Zimbabwe na Wachewa wa Malawi wana kuti. Mbali kabisa, huko Ghana na Togo, Waewe hutumia be, kitenzi chao cha kusema, kwa kazi hiyo. Bara hili limekubaliana, bila mkutano, kuwa kinachofungulia wazo ni kile kinachofungulia maneno.

Na huyo ti wa Wazulu na Wachewa si mgeni Tanga. Wataalamu wa Kibantu wanamhusisha na ati na eti yetu, kana kwamba mtu alikuwa akisema "a-ti," yaani "asema." Ndiyo maana eti hubeba shaka: "Eti amehama" maana yake ni kuwa hivyo ndivyo wasemavyo, mimi sikuona. Kiswahili kwa hiyo kimewazika wasemaji wawili ndani ya sarufi yake. Mmoja, kwamba, amekuwa karani wa ofisini asiyeegemea upande wowote. Mwingine, eti, amebaki mtaani na anakunja uso kila anapopeleka habari. Anayetaka kuandika mazungumzo ya watu wa pwani bila kujua tofauti ya hawa wawili ataandika maneno yasiyo na pumzi.

Kazi kubwa zaidi aliyopewa amba ni ile ya urejeshi: ambaye, ambacho, ambayo, ambamo, ambapo. Hapa kitenzi kimefungwa kiungo cha ngeli mwishoni, kikawekwa kati ya nomino na habari zake. Inavyoelekea, mwanzo wake ulikuwa wa kumtaja mtu kisha kurudi kwake kwa kusema, mfano wa anayesema "yule niliyekuwa nikimtaja." Ukizisikiliza methali, utasikia kuwa njia hii haikuwa barabara kuu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Akufukuzaye hakwambii toka. Methali ya mwisho ni ushahidi mzuri sana, kwa kuwa imemtumia amba katika kazi yake halisi ya kuambia, na ilipofika kwenye urejeshi ikampita kando, ikachukua -ye na kuipachika mwishoni mwa kitenzi. Methali zimepita vinywa vingi kwa muda mrefu, na vinywa hivyo vyote viliona "akufukuzaye" inatosha.

Mbona basi ambaye akaingia kwa kishindo? Sababu moja ni ya haki kabisa. Kile kirejeshi cha ndani, -ye- na -cho- na wenzake, hakikubali nyakati zote. Kinakaa na -li-, na -na-, na -taka-, kinakaa pia bila wakati wowote, na hapo basi. Mtu akitaka kusema habari za mgeni aliye katika hali ya kufika, kwa -me-, hana pa kuichomeka -ye-; lazima aseme "mgeni ambaye amefika." Vilevile kwa hu- ya mazoea, "muuzaji ambaye huja kila Ijumaa," na kwa -nge-, "mtu ambaye angetusaidia." Katika ukanushi msaada wake ni mkubwa zaidi. "Asiyekuja" hatuambii ni lini: jana, leo, au kamwe. "Ambaye hakuja" inafunga jana, na "ambaye hajaja" inaacha mlango wazi. Hapa amba ameiongezea lugha uwezo ambao haikuwa nao, na mwandishi anayemchukia kwa jumla anaikosea lugha.

Kosa linaanza pale anapoitwa bila kuhitajika. "Kitabu ambacho nilikinunua" hakina kitu kilichozidi "kitabu nilichokinunua" isipokuwa urefu. Lugha ya ofisi na ya magazeti, iliyolelewa kwa tafsiri za lugha zinazoweka neno la urejeshi peke yake baada ya nomino, imezoea umbo hili hadi kulifanya la kwanza badala ya la dharura. Ambapo ndiyo iliyoumia kupita wote. Ilikuwa ya mahali na wakati, sasa inaunganisha kila kitu na kila kitu: "Mkutano ulifanyika jana ambapo mgeni rasmi alisema..." Na vijiweni, ambayo inaanza kuganda, watu wakisema "vitu ambayo" na "watoto ambayo," ngeli ikiwa imeanguka njiani. Neno linalotumiwa kupita kiasi huchoka kama linavyochoka lile lililoachwa.

Washairi walikuwa na sababu yao ya kumkwepa, na ni ya hesabu. Utenzi unakwenda kwa vipande vya mizani minane. "Aliyekuja" ina mizani mitano, inaacha mitatu ya kumalizia wazo. "Ambaye alikuja" ina saba. Mshairi amebakiwa na silabi moja mkononi na kina kinamngoja. Hakuna haja ya nadharia ndefu kueleza kwa nini ambaye ni adimu katika tungo za kale.

Lakini hesabu hiyohiyo, iliyomfungia mlango ambaye, ilimfungulia amba mwenyewe. Tenzi ni simulizi, na simulizi ni watu wanaojibizana: mfalme na mjumbe, baba na binti, shujaa na adui kabla ya panga kukutana. Kila jibu linahitaji kitenzi cha kusema. Akasema ina mizani minne, na akanena minne. Akamba, yaani akaamba iliyokazwa, ina mitatu. Kwa fundi wa mizani minane, silabi moja iliyookolewa ni nafasi ya kumtaja mtu, kumwita Mola, au kukifikisha kina mahali pake. Ndiyo maana msomaji wa tenzi za kaskazini, katika lahaja zilizotoa Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, hukutana na akamba na wakamba akashangaa kamba inatafuta nini vitani. Washairi walikuwa na ghala zima la vitenzi vya kinywa: amba, nena, sema, tamka, hata takalamu kutoka Kiarabu, na walichagua kwa kupima uzito wa kila kimoja kama sonara.

Kusoma nako hakukuwa rahisi. Tungo hizo ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haikuwa na herufi zilizotosha sauti za Kiswahili. Kwa desturi ya zamani, herufi moja ya b ilibeba b, p na mb pamoja. Mwandishi akiandika akamba, msomaji aliona umbo linaloweza kuwa akamba, aliyesema, au akapa, aliyetoa. Muktadha ndio uliokata shauri. Msomaji mwenyeji, mwenye amba hai kichwani, alipita hapo bila kujikwaa. Yule ambaye amba kwake ni neno lililokufa huweza kumfanya mfalme agawe vitu pale alipokuwa anazungumza. Neno likiwa adimu, hata maandishi yanayolitunza yanaanza kusema mengine.

Mkoa wa Tanga una sehemu yake katika urithi huo. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mtunzi wa mwambao huu, aliandika kwa utenzi habari za Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, pwani hii ya bara, mwaka 1307 wa Hijria, vita vilivyomhusu Abushiri wa Pangani aliyenyongwa Desemba 1889. Utenzi huo ulikuja kuhaririwa na J. W. T. Allen, aliyekusanya hati nyingi za pwani, na ukachapishwa kwa hati ya Kirumi katika miaka ya 1950 na 1960. Hemedi alisimulia vita vya jana kwa chombo cha zamani, na thamani ya kazi hiyo kwa mtu anayefuatilia vitenzi ni kubwa: inaonyesha msamiati wa kaskazini ukiwa bado unafanya kazi Mrima, karibu sana na Makorora ya leo.

Kisha akaja Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Aliyependa vitenzi kuliko yeye ni nadra kumpata. Nchi zake za kubuni hazikuitwa kwa majina ya milima wala ya watawala. Aliziita Kusadikika na Kufikirika, vitenzi vitupu vyenye -ik-, kile kiambishi kinachouliza kama jambo linatendeka. Ni kiambishi kilekile kilichomo katika haambiliki ya bibi wa vitumbua. Na Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinaweza kusomwa chote kama kisa cha kuamba na kuambiwa. Majivuno, waziri, anamshitaki Karama kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria: hapo mtu anaambwa mbele ya mfalme. Karama anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anawarudisha barazani wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakaleta habari njema, wakaishia gerezani: hao ni watu waliokuja kuambia nchi isiyoambilika. Shaaban Robert hakukihitaji kitenzi amba kwa jina ili aijenge hadithi hiyo. Alijenga kwa maana zake zote mbili, zikipambana.

Haambiliki yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ambia imepoteza sauti iliyokuwa katikati. Zamani ilikuwa na l, na ndugu yake wa Kidigo, ambira, bado ana sauti yake mahali hapo. Kiswahili kiliimeza l hiyo kati ya irabu mbili, lakini kiambishi kingine kinapofuata, l inarudi kutoka kuzimu: ambilika. Bibi aliyekaa barazani Makorora, asiyewahi kusikia habari za isimu, anaitamka sauti ya karne nyingi zilizopita kila anapomkasirikia mjukuu. Hakuna kumbukumbu ya maandishi iliyoitunza vizuri kuliko hasira hiyo.

Kwa nini basi kitenzi chenyewe kiliondoka midomoni? Sehemu ya jibu imo katika kazi yenyewe iliyokipata: kitenzi kilichokwisha kuwa kwamba na ambaye, kinachosikika mara kumi katika kila ukurasa kama kiungo, huanza kupoteza uso wake kama tendo. Sehemu nyingine imo katika historia ya usanifishaji. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulifungua mjadala wa lugha moja kwa maeneo yote, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1930. Kiunguja kilikuwa mtu wa sema. Amba na nena zilikuwa na nguvu zaidi kaskazini, katika Kimvita na Kiamu, lahaja za ushairi mkubwa, na uchaguzi huo ulizisukuma kuelekea rafu ya maneno ya kale. Nena angalau ilibaki kwenye lugha ya ibada na ya heshima. Amba haikupata hata msikiti wa kujisitiri.

Uchaguzi huo uliipa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar vitabu vya kusomea pamoja, na hilo si dogo. Lakini mtu anaweza kuushukuru usanifishaji na bado akataka kurudishiwa vilivyobaki nje ya mlango. Mwanafunzi wa Tanga anafundishwa ambaye kama dude la sarufi, orodha ya kukariri: ambaye, ambao, ambacho, ambavyo. Haambiwi kuwa hiki kilikuwa kitenzi, kwamba ni mzazi wa ambia anayoitumia tangu ajue kuongea, na kwamba rafiki yake wa Kidigo aliyekaa dawati la pili anacho hai nyumbani kwao. Akielezwa hivyo kwa nusu saa, ngeli za urejeshi zitamkaa kichwani, na zaidi ya hapo atajua kuwa lugha ya shangazi yake kutoka Mkinga ni ndugu mkubwa wa Kiswahili cha darasani, aliyebaki na vyombo vya wazee.

Washairi nao wana deni. Anayetunga leo kwa mizani minane na kuhangaika na akasema, silabi ikizidi, ana akamba mlangoni, fupi, yenye kivuli cha kusengenya ikihitajika. Kumwandika mtu "akamwamba" badala ya "akamsengenya" ni kumwachia msomaji kazi ya kusikiliza kama kuna i au hakuna, kama neno lilielekezwa kwa mtu au lilipita juu ya kichwa chake. Sema haiwezi kufanya hivyo kwa ufupi huo, na chongea inatangaza ubaya wake mapema mno.

Saa nne hivi, jua likishaanza kuuma, soko la Makorora limejaa. Mama mmoja aliyeleta nazi na mihogo kutoka upande wa Mkinga ameshika simu kwa bega, anaongea Kidigo na ndugu yake huku anahesabu chenji. Achiamba, anasema, achiamba, na mara ya tatu anacheka. Mteja anamuuliza kuna nini. Anaishusha simu, anahamia Kiswahili bila kuvuta pumzi: "Ameniambia mwanawe kapata kazi."